Zamu Tatu za Kitinda

Jina lake la kuzaliwa wengi wetu tumelisahau, na mwenyewe hajawahi kulalamika. Tunamwita Mizani. Alilipata jina hilo akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, ameajiriwa dukani kupima sukari na mchele. Tajiri mwenye duka alikuwa amegandisha kipande cha chuma chini ya sahani ya mizani, kidogo tu, cha ukubwa wa kucha, na kila aliyenunua kilo alikwenda kwake na kilo pungufu. Wafanyakazi wote walijua wakanyamaza. Yeye alipojua, alisubiri duka lijae watu, akaipindua sahani, akakibandua kile chuma kwa kisu cha kukatia sabuni na kukiweka mezani. "Umesahau kitu chako, bosi," alimwambia. Alifukuzwa kabla ya saa sita mchana. Wateja walimpigia makofi, kisha wakaendelea kununua palepale, maana duka la pili lilikuwa mbali.

Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani namsimulia mtu mbaya. Mtu mbaya humtarajii kitu, na akikutenda unasonya unakwenda zako. Mizani angekuwa mbaya, nisingekuwa na hasira hii niliyonayo mpaka leo, nusu yake juu yake na nusu juu yangu mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kinatazama mlango wa nyuma wa soko, na kwa miaka mingi nilichokiona kutoka pale ni jalala. Maganda ya ndizi, majani ya kabichi, nyanya zilizooza, vyote vilimwagwa kwenye mteremko, na mvua ikinyesha vilishuka hadi milangoni mwa watu. Wakati huohuo wakulima wadogo walipita mbele yangu kila msimu na mifuko ya mbolea ya dukani mabegani, wakiilaani bei yake. Sote tuliyaona maganda na tuliiona mifuko, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili isipokuwa Mizani, ambaye siku hizo alikuwa akifulia watu nguo. Hata yeye hakuyaunganisha peke yake. Aliyemwambia ni mama yake.

Mama mtu alikuwa na rundo la mboji nyuma ya jiko tangu ujana wake. Alijua kulipanga: tabaka la maganda, tabaka la majani makavu, udongo kiasi, maji kiasi. Joto alilipima kwa nondo. Unaichomeka katikati ya rundo, unahesabu hadi mia, unaichomoa na kuishika. Ukiishika kwa raha, rundo limelala, ikikuunguza, linapika. Siku ya saba linageuzwa, la nje liende ndani na la ndani litoke nje, na ukichelewa linachacha, linanuka, jasho la wiki nzima linakwenda na maji. Mwaka wa kwanza alikuja mteremkoni na kigoda chake, akakaa kivulini akitukaripia. "Wewe fundi," aliniambia siku moja, "hilo ni rundo au kaburi? Hebu liachie pumzi."

Tulianza watu tisa, tukafika thelathini na mmoja. Mfadhili hatukumtaka, na bosi hatukumtaka vilevile. Mizani alisema bosi mmoja alimtosha maisha yake yote. Uenyekiti ulipokezanwa kila mwaka. Kila mmoja alikuwa na zamu yake ya kugeuza marundo, siku moja kwa wiki, na kila mmoja alikuwa na tuta lake mteremkoni, urefu wa hatua kumi na sita, la kupanda alichotaka kwa mboji yetu wenyewe. Iliyobaki tuliwapa wakulima, nao wakaturudishia mbegu na siku za kazi. Msimu wa pili mteremko ulikuwa kijani, na watu waliokuwa wakipita wameziba pua wakaanza kusimama kuuliza bei ya mchicha. Kidole kimoja hakivunji chawa, tulipenda kusema, tukijiona tumevunja chawa wa dunia nzima.

Bandani kulikuwa na ubao wa zamu. Kwa kuwa baadhi yetu hawakujua kusoma, kila mtu alichora alama yake. Mimi nilichora mkasi, seremala akachora randa, na Mizani, kwa kweli, hakuhitaji kufikiri. Mdogo wake akachora kifaranga. Ukimaliza zamu unachora mstari chini ya alama yako. Mama yao hakuwa na alama, maana alikuwa akikaa tu na kusema.

Na kulikuwa na kanuni. Atakayekosa zamu tatu mfululizo bila kuleta mtu wa kumshikia, anapoteza tuta na nafasi. Udhuru uliokubalika ulikuwa mmoja kati ya miwili: wewe mwenyewe kuumwa, au kufiwa. Mwanzoni ulikuwapo na wa tatu, wa kuuguza, ila tuliufuta kwa sababu ya mchukuzi mmoja wa soko. Bwana huyo alikuwa na shangazi aliyeugua kila mvua inaponyesha. Baadaye shangazi akafa, tukatoa pole, tukamshikia zamu. Miezi minne mbele, mvua zikarudi, na shangazi yuleyule akaugua tena. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, kisha tukanyoosha mikono na udhuru wa kuuguza ukaondoka ubaoni. "Mwenye mgonjwa atafute mtu amshikie," Mizani alisema. "Hapa tunapima jasho, hatupimi hadithi." Tulimpigia makofi. Hakuna aliyejiuliza nani kati yetu ana mtu wa kumshikia na nani hana.

Kitinda hakuwa naye. Kitinda ndiye huyo wa kifaranga, mdogo wa Mizani, mziwanda kwao, wamepishana miaka kumi na miwili. Hakuwa na mume wala mtoto, na mali yake yote hapa duniani ilikuwa lile tuta. Alipanda mchicha na maharage, akavuna alfajiri, akauza mlangoni pa soko hadi saa tatu, na hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake ya kula na kuvaa. Tuta lake lilipakana na langu. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akikupata amekupata. "Fundi," aliniambia siku moja akiangalia mistari yangu ya mchicha, "nguo zako zimenyooka, bustani yako imelewa. Au hapa ulikuwa unapima kiuno cha mtu?"

Mwaka wa sita, mwaka ambao Mizani alikuwa mwenyekiti, mama yao alipata kiharusi. Upande wote wa kulia ulikwenda, na maneno yakaenda nao. Nyumba yao ina vyumba viwili na ukumbi mwembamba. Kitinda alihamisha godoro lake akaliweka miguuni pa kitanda cha mama. Hakuna kikao kilichoamua kwamba ni yeye atakayeuguza. Ilitokea tu, kama inavyomtokea kila mziwanda asiye na mume, na wote mnaona sawa kwa sababu hakuna aliyesema.

Mgonjwa wa namna ile anageuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo unaota vidonda. Analishwa kwa kijiko na kuoshwa, na shuka zinafuliwa mara mbili au tatu kwa siku. Mizani alitoka alfajiri kwenda mteremkoni, na akirudi alimkuta mama msafi, shuka ziko kambani, uji umefunikwa mezani. Alikula, akamshukuru mdogo wake, akaingia chumbani kwake kupumzika. Miaka sita hakukosa zamu hata moja, na kila mkutano tulimtaja kwa hilo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na midomo iliyosifu ilikuwa yetu.

Kitinda alikosa zamu ya kwanza. Nilimwona jioni amekuja mbiombio kumwagilia tuta, na kitambaa cha kumfutia mgonjwa bado kiko begani. Alikosa na ya pili. Nikamwambia, "Ya tatu nitakushikia mimi, usiwe na wasiwasi." Alinishukuru mara mbili. Wiki ile ikaingia kazi ya sare za shule, sare hamsini, na nikasahau. Nalitaja waziwazi kwa kuwa ni mimi na yeye tu tunaolijua, na yeye hajamwambia mtu.

Mkutano ulikuwa Jumamosi alasiri, bandani. Mizani alisimama mbele ya ubao na fimbo mkononi.

"Alama ya kifaranga," alisema. Hakutaja mtu. "Zamu tatu hazina mstari. Mwenye alama yupo?"

"Nipo, mwenyekiti," Kitinda alijibu. Alikuwa amemwacha mama na jirani kwa nusu saa.

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

"Ulifiwa?"

"Bado."

Watu wawili watatu walicheka chini kwa chini. Mizani hakucheka. Seremala, ambaye ni mtu mzima na mwenye huruma, aliinuka. "Mwenyekiti, hali ya nyumbani kwenu sote tunaijua. Hili jambo tulifunike tu, tuendelee na mengine."

"Tulifunike kwa nini, mzee wangu?" Mizani alimjibu kwa adabu. "Muuza mkaa tulimtoa mwaka juzi kwa zamu tatu, na ana watoto watano. Leo nikimfunikia niliyenyonya naye ziwa moja, kesho nitamtazama nani usoni?"

Banda zima lilinyamaza. Nataka nieleze ukimya ule, maana ndio uliotuponza. Haukuwa wa aibu wala wa huzuni. Ulikuwa wa kustaajabu. Tulikuwa tumezoea viongozi wanaoweka ndugu zao kila penye ulaji, na leo mbele yetu tulikuwa na mtu anayemkata mdogo wake hadharani kwa ajili ya haki. Tulijiona watu wa maana sana. Mimi machozi yalinilengalenga.

"Una la kusema?" Mizani alimuuliza.

Kitinda alisimama. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa sabuni. "Sina mengi," alisema. "Mwenyekiti anajua nilikuwa wapi. Siku zote tatu yeye alikuwa hapa, mimi nilikuwa pale. Angekuwa pale yeye, mimi ningekuwa hapa. Ni hilo tu."

Akakaa. Lilikuwa jambo ambalo hata mtoto wa darasa la pili angelielewa. Tulikuwa tumekesha mwezi mzima tukibishana kama saa ya kusukuma mkokoteni ni sawa na saa ya kugeuza rundo, tukakubaliana kwamba kila jasho ni jasho. Sasa mtu alikuwa ametuonyesha jasho ambalo hatujawahi kulipima, na tulimtazama kama anatusumbua. Mizani alikaza macho ubaoni, hakumtazama mdogo wake.

"Anayetaka kanuni ifuatwe anyooshe mkono."

Aliunyoosha wake kwanza. Wa pili ulikuwa wangu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na majibu ninayo mawili. La kwanza ni kwamba nilitaka kufanana na Mizani. La pili ni kwamba tuta la anayetoka hugawiwa majirani zake wa pande mbili mpaka msimu uishe, na mimi nilikuwa wa upande mmoja. Nilipata hatua nane. Nikang'oa mchicha wake uliokuwa umeanza kukomaa, nikapanda maharage.

Kitinda hakugomba na mtu. Siku ya nne alipata kazi upande wa pili wa mji, nyumba yenye geti, ya kumtunza bibi mmoja aliyepooza. Kazi ileile, ila huku walimpa mshahara, chumba na siku ya mapumziko. Alimuosha mama yake kwa mara ya mwisho, akampaka mafuta, akaacha uji umefunikwa mezani, akaondoka na mfuko mmoja.

Mizani alidhani ataweza. Alimsogezea mama maji ya kunywa karibu na mkono wa kushoto, akamwomba jirani achungulie mara mojamoja, naye akaenda kwenye zamu. Zamu yake aliifanya barabara, akachora mstari wake. Aliporudi alimkuta mama sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, shavu juu ya saruji. Jirani alichungulia asubuhi, basi. Alikuwa amelala pale tangu lini, hakuna ajuaye, na mwenyewe hana maneno ya kusema. Mizani alinihadithia haya kibandani kwangu, amesimama, kiti alikikataa.

Siku iliyofuata alimwachia mama mke wa seremala na akaenda mpaka kwenye lile geti. Kitinda alitoka mlango wa nyuma, amevaa aproni. "Shikamoo, dada," alisema. Aliposikia mama ameanguka, machozi yalimtoka palepale. Aliuliza kama mfupa umevunjika, akaeleza mto uwekwe wapi na mafuta gani yapakwe, na namna ya kumwinua bila kumvuta bega bovu.

"Rudi nyumbani, mdogo wangu," Mizani alimwambia. "Habari ya tuta tutaitafutia njia."

"Nitakuja Jumapili, dada, nikupumzishe," Kitinda alijibu. "Leo siwezi. Bibi wa humu namgeuza kila saa mbili, na nikikosa zamu nafukuzwa. Wewe mambo ya zamu unayajua kuliko mimi."

Hakuyasema kwa jeuri. Mizani alinieleza hivyo mara mbili, kwamba hakuyasema kwa jeuri, na nadhani hilo ndilo lililomuuma. Kweli Jumapili alikuja, na kila Jumapili akaendelea kuja. Anamuosha mama, anakata kucha zake, wanakula, anarudi kazini. Habari za mteremko haulizi.

Baada ya hapo Mizani hakuonekana tena kwenye marundo. Wiki ya kwanza tulisema amechoka. Wiki ya pili rundo lake lilichacha, tukaligeuza sisi tukikunja pua. Ya tatu chini ya alama yake hapakuwa na mstari, na mkutano ukaitishwa, seremala akikalia kiti.

Mngetuona. Hakuna aliyesema habari ya jasho wala hadithi. Mmoja alisema Mizani ndiye aliyetutoa jalalani. Mwingine akasema kuuguza mzazi ni radhi. Dakika tano hazikupita, udhuru wa kuuguza ulirudishwa ubaoni, mikono yote juu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na sasa tulikuwa tumekumbuka nani ni binadamu. Muuza vitunguu aliuliza kama kanuni mpya inamhusu na Kitinda. Tulimjibu kwamba ya nyuma yasifukuliwe, na kwamba tuta lile limekwisha pandwa. Aliyejibu hivyo ni mimi, maana maharage yalikuwa yangu.

Nilitumwa mimi kupeleka habari njema. Nilimkuta Mizani chumbani kwa mama, mikono ya nguo imekunjwa, beseni sakafuni. Amekonda. Mama yake alinitazama kwa jicho moja, nikamwamkia, akanibana kidole kwa mkono wake mzima. Nikatoa ujumbe: kanuni imebadilishwa, tuta liko salama, mwenyekiti bado ni yeye, apumzike mpaka atakapoweza.

Aliendelea kukamua kitambaa. "Mkono wa kwanza ulikuwa wa nani?" aliniuliza.

"Wangu."

"Na siku ile wa kwanza ulikuwa wangu, wako wa pili." Hakunilaumu, alikuwa anahesabu tu. "Kitinda mmemtumia nani?"

Aliweka kitambaa kando, akaniita kitandani. "Shika hapa, chini ya bega. Usimvute. Nikihesabu tatu, mlete upande wako."

Nilishika. Sikujua kama mwili wa mtu mdogo vile unaweza kuwa mzito hivyo. Mgongo uliniuma, jasho likanitoka, na nilikuwa nimemshika kwa muda wa kubadilisha shuka moja tu. Mizani alipangusa, akapaka mafuta, akatandika, akaweka mto mahali Kitinda alipomwelekeza. Tulipomaliza nilikaa chini nikihema. Yeye alitazama saa ya ukutani akaniambia kwamba tutarudia saa kumi, kama bado nipo.

"Nina nguo za watu," nilisema, nikasimama. "Sasa niwaambie nini wenzetu? Utakuja Jumamosi?"

"Waambie siji," alisema, na tayari alikuwa ameinamia beseni. "Waambie niko kazini."

Nilikwenda nikawaambia vilevile alivyosema. Walitikisa vichwa, seremala akaandika udhuru chini ya alama yake, tukaingia ajenda ya mbegu. Hakuna aliyeuliza ni kazi gani.